Samaki Wanahema Alfajiri, Mchana Wako Sawa: Kusoma Dalili za Maji ya Bwawa la Nyumbani

Umeamka saa kumi na moja alfajiri, umefika bwawani na tochi, na perege wako wote wako juu. Midomo iko wazi, inanyonya ule utando mwembamba wa juu kabisa ya maji, na hata ukiwapitishia kivuli hawazami. Sasa rudi saa nne asubuhi ukiwa na kipimo. Samaki wameshuka, wanazunguka kama kawaida, na oksijeni inasomeka miligramu 6 kwa lita. Aliyekuja saa nne atakuambia maji ni mazuri. Nami nilijiambia hivyo siku tatu mfululizo, na siku ya nne nikaokota samaki kumi na saba, wote wakubwa. Kipimo kilikuwa sahihi. Nilikuwa ninapima saa ambayo shida imeshapita.

Maji ya bwawa hayakai mamoja kutwa nzima. Mchana mwani (vijimea vidogo vya kijani vinavyoelea majini) hutumia mwanga wa jua kutengeneza oksijeni na huku unafyonza hewa ukaa iliyoyeyuka majini, kwa hiyo oksijeni na pH (namba inayoshuka maji yakizidi kuwa na asidi) hupanda pamoja hadi alasiri. Jua likizama, mwani ule ule unabaki kupumua tu kama samaki wanavyopumua, pamoja na bakteria walio kwenye tope. Oksijeni inaliwa usiku kucha bila kurudishwa, hewa ukaa inajazana, pH inashuka. Mambo huwa mabaya zaidi pale kabla ya kupambazuka.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza, nitakaourudia kila tunapokwenda, ni kupima mara mbili kwa siku moja: alfajiri kabla jua halijagusa maji, na tena kati ya saa tisa na saa kumi alasiri. Namba moja peke yake haitoshi kukuambia chanzo. Mbili zikiwekwa pamoja mara nyingi humtaja mkosaji.

Kipimo chenyewe

Seti ya vitone ya pH, amonia, nitriti na alkali inatosha bwawa la nyumbani. Karatasi za kuchovya ni za haraka lakini hunyonya unyevu wa hewa na kuharibika kabla ya tarehe yake, kwa hiyo usizitoe kwa vidole vibichi wala kuacha kopo wazi. Kwa oksijeni, kipimo cha umeme kina raha yake, maana unaweza kukishusha hadi chini na kuona tofauti ya juu na chini hapo hapo.

Chupa ya sampuli isiwe imewahi kuwekwa sabuni. Isuuze mara tatu kwa maji ya bwawa, izamishe mdomo ukiangalia chini hadi maji yafike kiwiko chako, igeuze huko huko ijae, kisha uifunge ikiwa bado ndani ya maji ili hewa isibaki. Usichote pale unapotupia chakula wala chini ya bomba la kuingizia maji. Pima papo hapo. Linganisha rangi kwenye kivuli, mwanga wa mchana, karatasi nyeupe ikiwa nyuma ya kichupa. Taa ya balbu hupotosha rangi, na kwenye amonia kosa la rangi moja ni kubwa. Alfajiri, ukishatia vitone, subiri muda ulioandikwa kisha usome chini ya taa nyeupe ile ile kila siku.

Jambo la pili la kujua kabla ya kutia kitu chochote ni ujazo wa bwawa lako. Pima kina sehemu tano au sita kwa ufito, tafuta wastani, kisha zidisha kwa urefu na upana. Bwawa la mita 5 kwa 4 lenye kina cha wastani cha mita 0.8 lina mita za ujazo 16, yaani lita 16,000. Na kumbuka kwamba miligramu 1 kwa lita ni sawa na gramu 1 kwa mita ya ujazo, hiyo itakuokolea hesabu nyingi. Wanaokadiria ujazo kwa macho wananitia wasiwasi kuliko wasiopima kabisa, kwa sababu hao ndio hutia dawa wakiwa na uhakika.

Samaki wanahema juu ya maji

Swali la kwanza ni saa ngapi. Wakihema alfajiri tu na kutulia jua likipanda, oksijeni inaisha usiku. Juu ya miligramu 5 kwa lita samaki wako starehe. Kati ya 3 na 5 wanaishi, ila hula kidogo na hukua polepole. Chini ya 2 kwa saa kadhaa utaanza kuokota wafu. Perege huvumilia kushuka kuliko samaki wengi, kwa hiyo ukiona yeye ndiye anayehema, hali imeshafika mbali. Kambare usimtegemee kwa hili. Ana kiungo cha kupumulia hewa ya nje, na kupanda juu mara moja moja ni tabia yake hata maji yakiwa mazuri.

Sasa tazama namba zako mbili. Ikiwa alfajiri ni 2 na alasiri ni 12 au zaidi, bwawa limejaa mwani kupita kiasi: mchana unazalisha kwa fujo, usiku unakula vyote. Ikiwa alfajiri ni 2 na alasiri haizidi 4, mwani haufanyi kazi. Ama umekufa, ama umekosa jua, ama kuna uozo mwingi chini unaokula oksijeni kuliko inayotengenezwa. Matibabu ya hali hizi mbili hayafanani, na mtu aliyepima asubuhi tu hawezi kuzitofautisha.

Mwani kufa ghafla ndiko kunakotisha zaidi. Maji yaliyokuwa kijani yanageuka kahawia au kijivu ndani ya siku moja au mbili, wakati mwingine yanaanza kung'aa na mwenye bwawa anafurahi kwamba yamejisafisha. Mwani uliokufa unaoza, bakteria wanaouozesha wanakula oksijeni, na amonia inapanda siku chache baadaye. Ukiona rangi imebadilika hivyo, anza kuingiza hewa siku hiyo hiyo, usisubiri samaki wapande.

Hali ya hewa nayo ina mkono wake. Siku mbili tatu za mawingu mazito humfanya mwani ashindwe kulipa mchana alichokula usiku. Mvua kubwa ya baridi ikinyesha juu ya bwawa lililokuwa na joto, maji ya juu yanapoa, yanakuwa mazito, yanazama, na kuyapandisha yale ya chini yasiyo na oksijeni. Joto lenyewe linapunguza nafasi: maji ya nyuzi 20 za Selsiasi yanaweza kushika oksijeni ya takriban miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 hushika takriban 7.5 tu, huku samaki wa maji ya moto wakihitaji zaidi. Kwa hiyo wiki ya joto ikifuatiwa na mawingu, usilale bila kuangalia bwawa.

La kufanya usiku huo: acha kulisha kabisa, kwa sababu samaki aliyeshiba hutumia oksijeni nyingi kusaga chakula. Washa pampu ya hewa, au chukua pampu ya maji uyavute maji ya bwawa lenyewe na kuyarusha juu yaanguke kama manyunyu. Kama huna umeme, ndoo iliyotobolewa chini ikimiminwa kutoka kimo cha kifua hufanya kazi, ila utachoka, na ni lazima uendelee. Anza saa sita usiku, usingoje alfajiri, na usisimamishe hadi saa tatu asubuhi. Miguu isiingie bwawani. Ukikoroga tope unapandisha uozo wote uliolala chini, na uozo huo utakula oksijeni kidogo iliyobaki.

Suluhisho la kudumu kwa mwani mwingi ni kupunguza chakula. Chakula ndicho mbolea yake. Toa kile kinachoisha ndani ya dakika kumi hadi kumi na tano, usimame pale uone kinaisha, na kinachobaki kichote. Pima uwazi wa maji kila wiki kwa kisahani cha Secchi, kilichobuniwa na Angelo Secchi, padri na mwanaastronomia wa Italia, mwaka 1865, na hadi leo hakijapata mpinzani kwa urahisi wake. Ni kisahani cha sentimita 20 kilichogawanywa robo nne, mbili nyeusi na mbili nyeupe, kinachoning'inizwa kwa kamba. Kitengeneze kwa mfuniko wa ndoo, ukifunge uzito chini na kupiga fundo kila sentimita 10. Kishushe wakati wa mchana jua likiwa mgongoni mwako, usome pale kinapopotea machoni. Kikipotea kati ya sentimita 30 na 45, mwani ni wa kutosha. Kikipotea kabla ya 20, unaishi kwa bahati, na wiki ya mawingu inaweza kukuumiza.

Wapo samaki wanaohema kutwa nzima huku oksijeni ikisoma 6 alfajiri na 8 alasiri. Hapo oksijeni ipo majini ila haiingii mwilini. Mvue mmoja, inua kifuniko cha shavu, tazama matamvua.

Matamvua ya kahawia

Matamvua yenye afya ni mekundu ya damu mbichi. Yakiwa ya rangi ya chai ya rangi au chokoleti, shuku nitriti. Nitriti ikiingia kwenye damu huigeuza hemoglobini isiweze kubeba oksijeni, na samaki anakosa pumzi katikati ya maji yenye hewa tele.

Nitriti hutokea njiani. Samaki hutoa amonia, kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, kundi lingine huigeuza nitriti kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa. Kundi la pili huchelewa kukua. Katika bwawa jipya kazi hii yote huchukua kati ya wiki nne na sita kukaa sawa, na ndiyo maana amonia hupanda kwanza, kisha inashuka na mwenye bwawa anapumua, kisha nitriti inapanda nyuma yake. Kichujio kilichooshwa kwa maji ya bomba yenye klorini nacho huanza upya. Kichujio kioshe kwa maji ya bwawa lako, yaliyotekwa kwenye beseni, na sponji uikamue kidogo tu.

Dawa hapa ni chumvi ya kawaida, na sababu yake ni nzuri kuijua. Nitriti huingia mwilini kupitia mlango ule ule wa matamvua ambao kloridi huutumia. Ukiijaza kloridi majini, nitriti inakosa nafasi ya kupita. Lenga kloridi mara kumi ya nitriti, ukihesabu nitriti kwa nitrojeni iliyomo ndani yake. Soma maelezo ya seti yako: kama inapima nitriti nzima, gawanya namba kwa 3.3 upate nitrojeni. Chumvi ina kloridi takriban asilimia 60. Kwa hiyo nitriti ya miligramu 2 kwa lita, ikihesabiwa kwa nitrojeni, katika lile bwawa la mita za ujazo 16 inahitaji kloridi gramu 20 kwa kila mita ya ujazo, sawa na chumvi gramu 33, jumla kama nusu kilo. Iyeyushe kwenye ndoo na uimwage kuzunguka ukingo mzima. Samaki huanza kupata nafuu ndani ya siku moja. Chumvi haiondoi nitriti, inaziba mlango tu, kwa hiyo punguza chakula na uendelee kupima hadi bakteria waikamilishe kazi.

Hawali, wanakimbia ovyo, matamvua yamevimba

Hizi ni dalili za amonia, na hapa kupima mara mbili kunaokoa maisha. Seti nyingi hupima amonia yote kwa pamoja, lakini majini ipo ya namna mbili: yenye sumu kali, na amoniamu ambayo samaki huivumilia. Kinachoamua kiasi cha kila moja ni pH na joto. Katika maji ya nyuzi 25, pH ikiwa 7, yenye sumu haifiki hata asilimia 1 ya yote. pH ikiwa 8 ni kama asilimia 5. pH ikiwa 9 ni zaidi ya theluthi moja. Chukua seti inayosoma 2. Kwa pH 7 sumu ni takriban 0.01, samaki hawana habari nayo. Kwa pH 9 sumu ni 0.7, na chochote kinachozidi 0.05 kinaanza kudhuru matamvua. Kipimo kile kile, vitone vile vile, na tofauti ya zaidi ya mara sitini.

Sasa kumbuka pH hupanda alasiri. Bwawa lenye amonia 2 linaweza kuwa salama saa kumi na mbili asubuhi na kuwa sumu saa kumi alasiri. Samaki wanaoonyesha dhiki alasiri jua likiwa kali, huku oksijeni ikiwa tele, waangalie kwa jicho hilo.

Amonia ikisumbua, simamisha chakula siku mbili tatu. Samaki hawatakufa njaa. Kila kilo 1 ya chakula cha kawaida cha samaki huishia kutoa takriban gramu 30 za nitrojeni ya amonia, kwa hiyo mfuko wa chakula ndiko chanzo kinakoanzia. Badilisha maji, ila fanya hesabu kwanza: ukibadilisha robo ya maji, amonia inashuka robo tu, kutoka 2 hadi 1.5. Badilisha robo leo na robo nyingine kesho. Kubadilisha nusu au zaidi kwa mpigo huwaletea samaki mshtuko wa joto na pH ambao huwamaliza walionusurika amonia. Na kamwe usitie chokaa amonia ikiwa juu. Chokaa itapandisha pH, na amonia iliyokuwa imelala itaamka.

pH inayumba, pH iliyokwama juu, pH inayoshuka kila wiki

Samaki wengi wa kufugwa huishi vizuri kati ya 6.5 na 9. Kupanda na kushuka kidogo ni kawaida. Ikiwa alfajiri unasoma 6.8 na alasiri 9.5, mwani ni mwingi na maji hayana alkali ya kutosha. Alkali ndiyo inayoyapa maji uzito wa kuhimili msukosuko wa pH. Ipime. Chini ya miligramu 20 kwa lita bwawa linayumba, kati ya 50 na 150 limetulia.

Kwa bwawa la udongo, tia chokaa ya kilimo, gramu 100 hadi 200 kwa kila mita ya mraba ya eneo la bwawa, wakati amonia iko chini. Chokaa hii ni laini, peke yake haipandishi pH kupita takriban 8.3. Chokaa ya kujengea, iwe imezimwa au haijazimwa, ni kitu kingine kabisa: inaweza kupandisha pH hadi 11 na kuchoma matamvua. Mifuko yake inafanana, soma maandishi. Kwa bwawa la saruji au la turubai, bikaboneti ya sodiamu ndiyo rahisi, gramu 17 kwa mita ya ujazo hupandisha alkali kwa takriban 10. Magadi si mbadala wake. Yana kaboneti ndani yake na yataisukuma pH juu kwa ghafla.

pH ikiwa 9.5 alfajiri na 9.5 alasiri, mwani hauhusiki, kwa sababu mwani ungeishusha usiku. Tafuta saruji. Bwawa jipya la saruji hutoa chokaa kwa wiki kadhaa. Lijaze, liache siku tatu nne, limwage, urudie hadi maji mapya yakae siku tatu bila pH kupanda, ndipo ulete vifaranga. Na pH inayoshuka kidogo kila wiki katika bwawa lenye kichujio kizuri ina maana kichujio kinafanya kazi: kugeuza gramu 1 ya nitrojeni ya amonia hula takriban gramu 7 za alkali. Irudishe alkali kidogo kidogo, usiisubiri iishe, kwa sababu pH ikiporomoka bakteria wa kichujio nao wanalala na amonia inarudi.

Rangi, harufu na utando

Kijani kibichi hafifu ni afya. Kijani kilichokolea kama rangi ya kupaka, kinachokusanyika upande upepo unakovumia, chenye harufu ya udongo au nyasi zilizooza, ni mwani wa buluu-kijani, ambao kwa kweli ni bakteria. Baadhi yake hutoa sumu. Mbwa na mifugo wasinywe hapo, na wewe vaa glavu. Usiuue wote kwa dawa kwa siku moja: ukifa kwa pamoja humwaga sumu yake majini na kumaliza oksijeni. Uchote kwa wavu wa macho madogo asubuhi upepo ukiwa umeusukuma pembeni, punguza chakula, badilisha maji kidogo kidogo.

Kahawia ya tope ijaribu kwa chupa. Jaza chupa angavu, iweke dirishani bila kuigusa. Ikitakata ndani ya siku moja, udongo unaletwa na mvua ukingoni au unakorogwa na kambare, rekebisha huko. Ikibaki na matope baada ya wiki, chembe za mfinyanzi zinaelea kwa sababu zinasukumana, na zinahitaji kitu cha kuzishikanisha: jasi, au shabu. Jaribu dozi kwenye ndoo kwanza. Shabu hufanya kazi haraka kwa gramu 15 hadi 25 kwa mita ya ujazo, lakini kila gramu 1 hula nusu gramu ya alkali, kwa hiyo bwawa lenye alkali ya 20 usilipe shabu.

Harufu ya yai viza ikipanda unapochokoa chini kwa ufito, na tope likitoka jeusi ti, kuna gesi ya sumu iliyofungwa humo. Liache lilivyo hadi utakapovuna. Ukivuna, maji yote yatoke na udongo ukauke hadi upasuke nyufa.

Utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua unawatisha wengi. Uguse kwa kijiti. Ukivunjika vipande kama kioo na vipande vikabaki vimeachana, ni bakteria na madini ya chuma, hauna neno. Ukizunguka kijiti na kujifunga tena, ni mafuta, na hapo utafute ni wapi yanaingilia.

Samaki wamezimia baada ya kuongeza maji

Maji ya bomba huwa na klorini, nayo huchoma matamvua hata ikiwa kidogo sana. Yaache kwenye tangi wazi siku moja au mbili ukiyapulizia hewa, au tumia thiosalfeti ya sodiamu, gramu 7 kwa mita ya ujazo kwa kila miligramu 1 ya klorini kwa lita. Ikiwa yametiwa kloramini, kukaa peke yake hakusaidii, na thiosalfeti ikishaivunja hubaki amonia, basi pima tena kabla ya kuyaingiza.

Maji ya kisima yana hila nyingine. Hutoka ardhini yakiwa na oksijeni kidogo, hewa ukaa nyingi, na mara nyingine chuma kinachogeuka kutu kikikutana na hewa na kuganda kwenye matamvua. Chota ndoo moja, pima pH papo hapo, ipulizie hewa hadi kesho, upime tena. Ikipanda sana, hiyo tofauti ni hewa ukaa iliyotoka. Maji kama hayo yaangukie bwawani kutoka juu, yakipitia mawe au bati lililotobolewa.

Ukiwakuta wameshakufa

Kabla ya kuwazika, tazama ni wepi walioanza. Wakubwa wakifa kwanza, usiku, na wadogo wakabaki hai, ni oksijeni. Wadogo wakitangulia, au wa kila ukubwa wakifa kwa saa chache mchana, pamoja na vyura na wadudu wa majini, shuku sumu iliyoingia kutoka nje, hasa kama kuna shamba lililopuliziwa dawa karibu au mvua imetoka kusafisha bati na njia. Wakifa mmoja mmoja kwa wiki nzima, mara nyingi ni ugonjwa, ambao maji mabaya huwa yameufungulia mlango.

Jaza chupa mbili za maji mara moja, ziweke mahali pa baridi na giza, uandike saa uliyochota. Toa mizoga yote siku hiyo, maana kila mmoja unaoza na kula oksijeni ya waliobaki. Kisha endelea na daftari lako kwa wiki mbili: alfajiri na alasiri, oksijeni, pH, joto, na kila siku mbili amonia na nitriti. Chakula kirudishe kwa robo ya kiasi cha zamani, na usikiongeze hadi namba ya alfajiri ikae juu ya 4 kwa siku tano mfululizo.